Mwanya wa Nakundwa

Daktari Pallangyo alikuja kuniomba ruhusa mwanangu afe mara ya pili, na alinikuta nina masizi mpaka kwenye kope.

Ilikuwa saa nne asubuhi na tanuru limeshika vizuri. Kazi yangu ni kuchoma mifupa. Wageni wakisikia hivyo wanaguna, lakini hapa Nkoasaro hata mtoto anajua bila mifupa hakuna maji. Huu mlima wetu una maji matamu, ya baridi, na yana madini yanayogeuza meno ya mtu kuwa rangi ya ugoro kabla hajamaliza shule ya msingi. Basi tunachukua mifupa ya ng'ombe machinjioni, tunaichoma mpaka inakuwa mkaa, tunaisaga, tunaijaza kwenye mapipa, na maji yakipita humo yanaacha madini yake nyuma. Mapipa hayajawahi kutosha kata nzima. Miaka ishirini na sita naifanya kazi hii. Nimezaliwa Upare, nikaolewa huku na meno yangu meupe, na mawifi zangu hawajanisamehe hadi kesho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usikanyage hapo, chini kuna moto. Na mbona Julai? Wewe ni mtu wa Januari."

Kila Januari alikuja kunisomea taarifa ya mwanangu: chembe zake zinaendeleaje, wangapi wamepandikizwa mwaka huo, wangapi wako kwenye foleni. Tulikunywa chai, akaondoka na ndizi. Sasa alisimama pale anakuna shingo, hajui aweke wapi mkoba.

"Naomba tukae, mama."

"Aka! Mtu akianza na tukae, hana jema huyo. Sema nikiwa wima."

Alitoa kile kioo chake laini cha kukunja, akakitandaza juu ya gunia la mifupa. Ikatokea picha ya kichwa cha mtu, nyeupe kwa nyeusi. Akaweka kidole katikati ya uso.

"Hapa ni puani. Unaona nini?"

Nikainama. Niliona jino. Jino zima, lenye mzizi wake, limegeuka, mzizi chini kichwa juu, limetoboa sakafu ya pua na kuchungulia ndani.

"Ni la nani?" nikauliza, ingawa moyo ulikwishanijibu.

"La Nakundwa," akasema.

*

Niwaeleze, msije mkadhani mimi ni mtaalamu. Nakundwa ndiye mtoto niliyejaliwa, peke yake. Jino lake la kwanza la utoto, la juu mbele, lilidondoka akiwa na miaka sita, anatafuna muwa. Alikuja mbio amelifumbata kiganjani. Alitaka kulirusha juu ya bati kama watoto wote, aombe jipya. Lakini wiki ile watu wa Kituo cha Mbegu za Meno walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta meno mabichi ya watoto ambao meno yao hayajaguswa na maji ya huku. Nakundwa alinyonyeshwa na kulelewa Upare kwa mama yangu mpaka alipofika miaka mitano, hivyo alifaa. Nikamnyang'anya.

"Mama, sasa jipya litakujaje?" aliniuliza, machozi yanamtoka.

Nikamwambia litakuja tu, aache ushamba. Halikuja. Miezi minne baadaye malaria ilimpanda kichwani, siku ya nne tukamzika akiwa na pengo lake.

Ndani ya jino lile kulikuwa na nyama laini, na ndani ya nyama kulikuwa na chembe hai. Wakazilea kwenye sahani, zikazaana, zikawa mbegu. Mtu mwenye meno ya ugoro anang'olewa yote, anadungwa mbegu kwenye fizi, na baada ya miezi kumi na minne anaota meno mapya. Sasa mbegu inakuja na ramani yake. Haioti meno ya yule aliyedungwa, inaota meno ambayo mwenye mbegu angeota mwenyewe. Na hapo ndipo waliponiweza. Kila aliyepandikizwa meno ya Nakundwa aliota na mwanya juu mbele, na jino la pembeni kushoto limemlalia mwenzake kidogo. Mwanya ule ni wa mama yangu mzazi.

Walikuwa watu elfu nne mia moja na kumi na wawili. Nilikutana nao sokoni. Mama muuza nyanya ananichekea, nami nasimama pale kama zuzu na kikapu changu, kwa sababu mtoto wangu ambaye hakuwahi kuota meno ya ukubwani ananichekea. Kondakta, mchungaji, askari wa barabarani aliyenisimamisha nikamtukana, akacheka, nikalia mbele yake. Nilijua mwanangu angependeza kiasi gani. Wazazi wengi waliofiwa hawajui hilo, mimi nilijua, na niliringa nalo, sifichi.

Sheria ya Chembe Hai inasema kila ukoo wa chembe uwe na mlezi, na bila dole gumba la mlezi hakuna wa kuuongeza wala kuuzima. Mlezi wa ukoo huu ni mimi.

*

"Wagonjwa ni sitini na mmoja mpaka jana," daktari aliniambia. Mwishowe nilikuwa nimekaa, juu ya ndoo. "Pua inaziba upande mmoja, inatoa damu na harufu. Tukilitoa, linaota tena. Wawili usaha umepanda kwenye ubongo, wamefariki."

"Mnataka nini?"

"Kuna mambo mawili, mama. Inawezekana sahani moja ya mbegu iliharibika kule kituoni. Kama ni hivyo, wagonjwa ni hawa hawa, tutahangaika nao mmoja mmoja. Au inawezekana ni ramani yenyewe. Kama ni ramani, watu wote elfu nne wanalo, linawasubiri tu. Na kabla halijakomaa ni kinyama, halionekani kwenye picha."

"Na kama ni ramani?"

"Kuna dawa ya kuzima ukoo. Kila aliyepandikizwa anachomwa sindano, chembe zinakufa, meno yanalegea yanatoka. Yote. Na sahani mama kule kituoni inateketezwa. Kupata ukoo mwingine wa mbegu ni miaka sita, saba. Watakaa na meno ya bandia." Akanitazama. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Kwenye fomu yako ya zamani kuna swali. Meno ya Nakundwa yalianza kuota wapi?"

Nilichukua koleo, nikageuza mifupa ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

"Chini kwanza," nikasema. "Kama ya watu wote."

"Una hakika, mama?"

"Nilimzaa mimi au ulimzaa wewe?"

Aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Nilimwona kabisa alivyopata nafuu, mabega yakamshuka. "Basi huenda ni sahani," alisema, na safari hii pia akaondoka na ndizi.

*

Jumamosi nilikwenda hospitali. Sikutumwa na mtu. Yule mwenye picha niliyooneshwa alikuwa binti wa kwaya ya usharika wetu, Eliaichi, wa miaka ishirini na miwili, na nisingeweza kukaa nyumbani nikijua jino la mwanangu linamtesa mtoto wa watu. Nilimpikia mtori, nikaufunga kwenye chupa ya chai usipoe.

Nilimkuta amekaa kitandani mdomo wazi, anahema kama aliyetoka kupandisha mlima. Pamba ilikuwa kwenye tundu la kulia. Aliponiona akafunga mdomo haraka, akatabasamu, na ule mwanya ukanipiga pale pale.

"Shikamoo, Mama Nakundwa. Sisikii harufu ya chakula, lakini najua ni mtori."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa. Hata bila harufu una chumvi."

Alikunywa vijiko vitatu, akapumzika. Mtu asiyepata hewa puani anachagua kati ya kula na kuhema. Halafu akaweka chupa pembeni, akanishika mkono wenye masizi ambayo hayatoki hata kwa magadi.

"Mama, wanasema wewe ndiye mwenye kauli. Usikubali."

"Nisikubali nini?"

"Kuuzima ukoo. Mimi nilikuwa mtu wa kuziba mdomo na kiganja. Miaka mitano nimeimba nyuma ya wenye sauti mbovu, kisa meno. Siku nilipoota haya ya mwanao mwalimu alinivuta mbele, na wiki hiyo hiyo Lomayani akaja nyumbani kwetu na wazee. Harusi ni Desemba. Nirudi kibogoyo? Bora wanipasue kila mwaka."

"Utakufa, wewe mtoto."

"Sifi. Daktari amesema ni sahani iliharibika, tuko sitini na mmoja basi. Amesema wewe mwenyewe umemhakikishia mwanao alikuwa salama. Nilimshukuru Mungu uliposema hivyo, mama."

Nilimfunika miguu kwa shuka.

Akaniambia habari za mwenzake wa kitanda cha dirishani, ambacho sasa kilikuwa na godoro tupu. Aneti, mwalimu wa chekechea. "Alianza na harufu, mama. Upande mmoja tu, harufu ya kitu kimeoza, hata akijiosha. Tukamtania kwamba amesahau harage puani. Halafu paji la uso likauma, akawa hataki mwanga, anajifunika khanga. Shingo ikakakamaa. Siku ya tatu akaanza kuongea na watu ambao hawapo. Siku ya nne..."

"Nyamaza," nikasema.

"Mama?"

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Tafadhali."

Harage. Ndivyo nilivyomwambia Nakundwa. Nilimwambia, wewe mtoto umeingiza harage puani, ndiyo maana unanuka, njoo hapa. Nikamlaza mapajani, nikachukua kibanio cha nywele, nikachokoa. Tundu la kulia. Nikagusa kitu kigumu, kimesimama imara, na yeye akapiga kelele damu ikatoka. Nikamchapa kofi la tako kwa kutotulia. Nikasema ni kamasi limekauka. Wiki haikwisha akaanza kujifunika khanga yangu usoni, anasema jua linamchoma akiwa ndani. Tukasema malaria. Kila kitu huku tunasema malaria.

Nilikigusa. Mungu wangu, nilikigusa kwa mkono huu.

*

Sikusubiri zamu ya kumwona daktari. Niligonga nikaingia, mgonjwa wake akatoka mwenyewe aliponiona nilivyo.

"Nilikudanganya," nikasema.

Aliweka kalamu chini.

"Huko kwetu Upare mtoto akitangulia kuota jino la juu ni kigego. Enzi za mababu hakuachwa hai. Siku hizi haguswi, lakini midomo haijafa. Ng'ombe akianguka ni yeye, mvua ikigoma ni yeye, na akikua hakuna wa kumwoa. Nakundwa alikuwa na miezi minne, nikiwa bado uzazini kwa mama. Kikatokea kijino juu, katikati, chembamba kama punje ya mchele. Mama yangu alikifunga uzi akakivuta, akakifukia nyuma ya choo, akaniapisha. Baada ya hapo yaliota vizuri, chini kwanza. Nilipojaza ile fomu nilisema nilichoapishwa kusema. Na wiki hii nimekisema tena, kwa sababu sikutaka watu elfu nne wamwite mwanangu kigego akiwa kaburini."

Halafu nikamwambia habari ya kibanio. Ilinichukua muda.

"Upande gani?" akauliza.

"Kulia."

"Wote sitini na mmoja ni kulia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kile kijino kilikuwa cha ziada, mama. Mtoto anayeota cha namna ile mara nyingine ana kingine kimejificha juu zaidi. Swali lile liliwekwa kwa sababu hiyo. Hakuna aliyekuwa anauliza kigego."

"Ningesema ukweli siku ile?"

"Fomu ingekataliwa."

"Sikuulizi fomu. Nakuuliza yeye."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Yule kijana hakuzoea kusema uongo, hilo nampa.

"Wangempiga picha ya kichwa. Lingetolewa, na kwake lisingerudi, maana hakudungwa mbegu. Nusu saa, mama, na jioni anarudi nyumbani."

Nilikaa chini. Sikulia, machozi yalinikataa. Nilikuwa naifikiria ile nusu saa. Ni muda wa kuchemsha maharage yaliyolowekwa.

"Lete kioo chako," nikasema hatimaye.

"Mama, sheria inakupa siku saba za kutafakari."

"Nimekaa miaka kumi na miwili na uongo mmoja, siku saba za nini? Kuna muuza nyanya pale sokoni, ana watoto watatu. Lete."

"Tangazo litabidi litaje sababu. Watu watajua."

"Litaje. Ila andika ni mama yake aliyeficha. Mtoto hakuficha kitu."

Alikitandaza kile kioo juu ya meza. Dole gumba langu liliacha alama nyeusi ya masizi, naye hakuifuta. Kabla sijatoka nilimwomba anioneshe sahani. Ilionekana pale pale, moja kwa moja kutoka kituoni: maji mekundu kidogo, na ndani yake ukungu mweupe unaotikisika. Hivyo tu ndivyo Nakundwa alivyokuwa amebaki. Nilimwambia, "Lala, mama," kama nilivyomwambia kila siku ya maisha yake, kisha mimi mwenyewe nikarudi wodini kumweleza Eliaichi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akageukia ukutani, na mtori wangu ukapoa pale pale mezani.

*

Meno yalianza kudondoka Oktoba. Loo, yaliyosemwa siyarudii yote. Wifi yangu mkubwa alitema mate mlangoni kwangu. Kuna mtu aliandika KIGEGO kwa mkaa kwenye ukuta wa tanuru, mkaa wangu mwenyewe. Nilitaka kufuta, nikaona nimechoka, nikaacha mvua ifute. Muuza nyanya alinipimia kimya, mdomo ameufunga na kitenge, na mimi nikalipa kimya. Wengine walikuja kunishukuru, na hao ndio walioniumiza zaidi. Kila wiki nilikutana na mwanya mmoja mmoja uliobaki sokoni, nikauangalia kwa wizi, na kila wiki mianya ilipungua. Mwishoni mwa Novemba niliuona mmoja tu, kwa mzee wa stendi aliyechelewa sindano. Ijumaa iliyofuata naye alikuwa kibogoyo.

Siku tatu kabla ya harusi yake, Eliaichi alikuja. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Mama Nakundwa! Jamani, hili tanuru linanuka! Mnaishije huku?"

Nilisimama na koleo mkononi. Alikuwa amefunga mdomo, anavuta hewa kwa pua, matundu yote mawili, anakunja uso kwa ile harufu ya mifupa. Alinusa moshi, akanusa hewa, akaninusa mimi begani na kusema nanuka jasho. Tukacheka, kisha tukalia, sijui nani alianza. Meno yake ya bandia yalikuwa yamepangwa kwa rula, hayana hata upenyo.

"Bado nina hasira na wewe," akasema.

"Kaa nazo. Una haki."

"Lakini Aneti hakupata hata nafasi ya kukasirika. Nimeliwaza hilo." Akafungua pochi, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. "Wanatuambia tuyarudishe kituoni yachomwe. Nimerudisha yote. Hili nimeficha. Lilikuwa la mwisho kutoka."

Lilikuwa la juu mbele, lenye upande wa mwanya. Jino zuri, jeupe, kubwa, la mtu mzima. Lile Nakundwa alilolisubiri akiwa na miaka sita.

Eliaichi hakuingia ndani. Alisema ana mazoezi ya kwaya, wamempa ubeti wa peke yake, aende akajaribu kama hewa inatosha. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi na jino langu.

Nilisimama uani mchana ule, jua la utosi. Watoto wanapolirusha juu ya bati wanasema maneno, wanaomba wapewe jipya, zuri kuliko lililotoka. Nilikuwa nayajua maneno yale. Nilimnyima mwanangu ayaseme, nikayaweka mdomoni, nikaona sina cha kuomba.

"Nakundwa," nikasema, "mama nimelileta jino lako."

Nikalirusha. Likagonga bati mara mbili, likabiringika kidogo, likatulia. Nilikaa nikisikiliza kama litashuka upande wa pili. Halikushuka, nikaenda kuzima tanuru.